Matanga ya Meli ya Waswidi

Habari ya kifo cha Mzee wa Meli ilinikuta nimesimama, njaa inaniuma, mkononi nimeshika pakiti ya chipsi ambayo nilikuwa sijaifungua. Nilikuwa kwenye mapumziko kazini, huku Fort Worth, kwenye bohari ninakopanga maboksi. Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa binti yake anayeishi Lewisville: baba amefariki wiki iliyopita, tumeshamzika, nilidhani ungependa kujua. Mwishoni aliweka kimoyo chekundu. Basi, imekwisha.

Simlaumu. Ana roho nzuri, na kwao ndivyo watu wanavyoambiana. Ila wewe rafiki yangu, kama ulilelewa na bibi kama wangu, utaelewa kwa nini nilijikalia chini palepale kati ya maboksi. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa amesimama. Hapewi akiwa na njaa, wala hapewi akiwa peke yake. Na huyu mzee, kuliko mtu yeyote niliyemfahamu Amerika, aliwahi kupewa habari ya msiba sawasawa, kwa taratibu zote. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Na marehemu alikuwa meli.

Subiri kidogo, usicheke bado. Twende Sharpstown.

Tuliishi huko Houston, kwenye apatimenti za ghorofa mbili zilizopakwa rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tumetoka kambini Tanzania, Wakongo wa Fizi: mama, Bibi, kaka yangu mdogo na mimi. Chini yetu kulikuwa na Wasalvador, ng'ambo ya kidimbwi cha kuogelea kisicho na maji kulikuwa na Waeritrea, na jioni harufu za vyakula zote zilipanda ngazi kwa pamoja kama watu waliofika harusini. Bibi akikaanga dagaa, meneja alikuja kugonga mlango huku ameziba pua. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo kila mara alidhani meneja amekuja kula, akamvutia kiti. Siku moja meneja alikaa kweli. Hakurudi tena kulalamika.

Mama alikuwa anafanya usafi hospitalini, anaondoka mchana, anarudi tumelala. Sisi tukitoka shule tulimkuta Bibi kwenye chumba cha kufulia nguo. Si kwamba tulikuwa na nguo nyingi. Joto la Houston unalijua au umelisikia, hewa inakukalia usoni kama taulo la moto, na kipoza hewa chetu kilikuwa kinapiga kelele tu. Kwenye chumba cha kufulia kulikuwa na baridi nzuri, harufu ya sabuni, madawati ya plastiki, na watu. Bibi alibeba dengu zake za kuchambua, akakaa pembeni akiwaangalia wapita njia kama yuko barazani kwake.

Na kule ndani, daima, alikuwepo Mzee wa Meli.

Alikuwa mtu wa Chile, mfupi, mabega mapana, kofia ya bluu iliyofifia kichwani. Hakuna aliyempa kazi ya kutengeneza zile mashine, alijipa mwenyewe. Mashine ya kukausha ikianza kukohoa, anaweka kiganja juu yake, anafumba macho, anasikiliza kama daktari. Kisha anafungua mgongo wake kwa bisibisi. Alisema mashine zote zikizunguka kwa pamoja, sakafu inatetemeka vilevile kama chumba cha mitambo cha meli yake, na ndiyo maana anakuja. Nyumbani kwake, alisema, sakafu imekufa.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, na pengo tuliliziba kwa mikono. Bibi alimsemesha Kiswahili, yeye akamjibu Kihispania, na sijui walielewana vipi, lakini walicheka mahali palepale. Mimi alinipa cheo. "Kapteni," ananiita, "njoo ushike tochi." Basi nashika tochi, na yeye anaanza hadithi ya meli. Alinisimulia mara nyingi mpaka nikaijua kama sala.

Ilikuwa manowari, kruza, kubwa kuliko zote Waswidi walizowahi kujenga, hiyo na dada yake. Walianza kuiunda wakati wa vita vikuu vya pili, kwenye kiwanda cha meli huko Gothenburg. Uswidi yenyewe haikuwa vitani, lakini majirani wake walikuwa wamevamiwa, na mtu ambaye nyumba za kulia na kushoto zinaungua hawezi kulala. Kwa hiyo wakakata chuma, wakapiga ribiti, mwaka baada ya mwaka. Walipoishusha majini vita vilikuwa vimekwisha. Walipomaliza kufunga mizinga hapakuwa na wa kumpiga. Wakaiita Göta Lejon. Lejon ni simba, na mimi na kaka yangu tulipojua kwamba meli ya wazungu wa barafu inaitwa Simba tulijiona tumeshakuwa wajomba zake.

"Uliza huyu muzee," Bibi akaniambia siku ya kwanza kuisikia, "hiyo meli yake ilipiganaka na nani?"

Nikauliza. Mzee akatikisa kichwa. Na hakuna mtu.

"Basi ni meli ya baraka," Bibi akasema. "Vita ilikwisha yeye angali anavaa viatu. Sisi ilitukuta tukiwa ku meza."

Nilipomtafsiria, mzee alivua kofia. Akampa Bibi mkono kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Waswidi walikaa nayo miaka, wakaichoka, maana meli kubwa inakula. Dada yake wakamvunjavunja. Simba wakaiuzia Chile. Na hapo ndipo mzee anaingia kwenye hadithi, kijana mdogo wa chumba cha mitambo, ametumwa pamoja na wenzake kwenda kuichukua kwenye baridi ambayo, alisema, inakung'ata meno badala ya meno kuing'ata. Mswidi mmoja mzee alimkabidhi mitambo. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Yule Mswidi alimshika mkono tu, akauweka juu ya kila valvu, moja baada ya nyingine, mpaka mkono ukajua. Mwisho akaegemeza paji la uso kwenye boila, akatoka nje bila kugeuka.

Chile wakaipa jina la admirali wao. Lakini mle chini vibandiko vya Kiswidi vilibaki kwenye valvu. Öppen, wazi. Stängd, imefungwa. Mzee alitufundisha, na ikawa mchezo wetu: tunafungua milango ya mashine za kukaushia tukipiga kelele öppen, tunaibamiza tukipiga kelele stängd, na mama wa Kisalvador anatukimbiza na kandambili. Fikiria, rafiki yangu. Kiswidi changu chote ni maneno hayo mawili, na yananitosha hadi leo.

Aliipenda meli ile kwa miaka yote aliyoitumikia. Alipoacha kazi na kuhama nchi, mwenzake mmoja alimwambia kwamba Waswidi wamekuja kuichukua Simba wao. Kwamba iko palepale Gothenburg ilipozaliwa, imepakwa rangi, watoto wanakula aiskrimu juu ya sitaha. Mzee aliamini. Kuna meli ya kivita ya kale karibu na Houston, watu wanalipa kuingia, na shule yetu ilitupeleka. Nilimwomba twende wote akakataa. "Kwenda kutazama meli ya mwenzio," alisema, "ni kama kukaa sebuleni unamkonyeza mke wa jirani." Bibi alipotafsiriwa hilo, dengu zilimwagika.

Halafu mwaka mmoja, joto likiwa limeanza, alikuja chumba cha kufulia na tangazo: anakwenda Uswidi. Ameuza gari lake bovu, amenunua sanduku jekundu. Atapanda ngazi, atashuka chini kabisa, ataweka mkono juu ya valvu zake. Binti yake wa Lewisville alikuwa anamlilia siku zote ahamie kwake, na yeye alikuwa anamjibu: nikishaiona meli. Alianza kugawa vitu. Sisi alitupa kibaniko cha mikate. Mimi alinipa tochi.

Nilifurahi mpaka sikulala. Ndoto zangu wakati huo zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na maji. Nilitaka kuwa injinia wa meli. Kesho yake shuleni nikamwomba mwalimu wa maktaba anionyeshe Simba kwenye kompyuta, niione hiyo aiskrimu kwa macho yangu. Mwalimu akatafuta, kisha akasoma. Akanisogezea kiti. Meli ilikuwa imevutwa mpaka Taiwan zamani sana, kabla mimi sijazaliwa, ikakatwa vipande, ikayeyushwa. Haikurudi Gothenburg hata siku moja.

Nilikimbia kutoka kituo cha basi la shule hadi kwa Bibi. Nikamweleza huku nahema. Bibi aliacha kuchambua.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Ngoja nimwambie asije akapanda ndege."

Alinidaka mkono. "Weye mutoto, funga kinywa. Hii haibebwi na mutu mumoja. Huyu muzee anaenda kusalimia maiti, na hajui ni maiti."

Nikamwambia, Bibi, ni meli tu. Akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. "Amekaa ndani ya tumbo yake miaka. Utaniambia mimi ni meli tu?"

Kambini niliona namna wanavyofanya. Mtu akifiwa huko nyumbani, simu haimwendei yeye, inamwendea mchungaji au jirani. Wanakusanyana kimya. Wanakwenda kwake kama wageni wa kawaida, na chakula. Wanahakikisha amekula, ameketi, na mmoja anasimama nyuma ya kiti chake ili amshike asije akaanguka. Kisha wanaanza mbali: fulani ni mgonjwa. Wanangoja. Fulani amezidiwa. Wanangoja tena. Moyo unashushwa ngazi moja baada ya nyingine, hausukumwi kutoka juu.

Basi Bibi akampigia mama pasta, mke wa mchungaji wetu. Nilidhani atacheka. Aliuliza tu, "Anakula sombe?" Sombe ni kisamvu chetu.

Jumapili baada ya ibada wakaja, kina mama wa kanisa na vitenge vyao na masufuria yaliyofungwa kwa taulo. Mama alibadilisha shift ili awepo. Tukagonga. Mzee akafungua, akatuona wote kwenye korido na vyakula, na uso wake ukawaka, maskini. Alidhani tumekuja kumuaga. Kwao, alituambia, msafiri anaagwa hivyohivyo, kwa meza iliyojaa. Alikimbia kuvaa shati jeupe. Sanduku jekundu lilikuwa mlangoni limesimama wima. Akawaonyesha kina mama koti zito alilonunua, akalivaa ndani ya joto lile, akazunguka. Mama pasta akapiga makofi, kisha akaingia jikoni kufuta macho.

Akala. Bibi alimsimamia, "Ongeza, muzee, ongeza," akimega bukari, ugali wetu, na kumwekea karibu. Alikula sombe, alikula samaki, alilamba vidole. Alipomaliza tukamnawisha. Mama mmoja mnene, mpole, akaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Bibi akakaa mbele yake, magoti yao yanakaribia kugusana, mimi katikati.

"Mwambie," Bibi akasema. "Meli yake ni mgonjwa."

Nikatafsiri. Mzee alicheka. "Mgonjwa? Ana nini? Kutu? Nitamponya!"

Bibi akangoja. Nje mtu alikuwa anapiga honi. "Mwambie, amezidiwa."

Nikatafsiri. Hakucheka. Alitazama sufuria, akatazama kina mama mmoja mmoja, akageuza shingo akamwona yule aliyesimama nyuma yake. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba watu hawa hawakuja kuaga msafiri. Ile mizunguko ya Bibi haikuhitaji tena mkalimani.

"Kapteni," akaniambia taratibu. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona picha. Ilikatwa. Zamani."

"Walianza mbele au nyuma?"

Sikujua. Alikuwa anauliza kwa heshima, kama mtu anayeuliza iwapo marehemu aliteseka. Nilitamani ningejua. Nikamwambia kitu nilichokuwa nimekitunza njiani kwa ajili ya kumfariji, kwamba chuma kikiyeyushwa hakipotei, labda kimekuwa masufuria, labda hata kimo ndani ya hizi mashine za kufulia. Nilikuwa mtoto, nililiona wazo zuri sana. Mzee alinishika shavu. "Hapana, Kapteni," akasema. "Hapana."

Ndipo kina mama wakainua sauti. Waliilia ile meli kama wanavyolia kwetu, kwa wimbo na kwa jina, Simba we, Simba we, umelala ugenini. Mlango ulikuwa wazi. Mama wa Kisalvador akapanda mbio na kandambili zake kuuliza nani amefariki. Kaka yangu akamjibu kwa Kiingereza, "His ship." Yule mama hakucheka. Alishuka, akarudi na sufuria la maharage, akakaa. Mmoja wa Waeritrea akaleta kahawa. Watu waliendelea kuja siku zilizofuata, na sukari, na soda, wanavua viatu, wanaketi ukutani bila neno. Tulikaa matanga ya meli, rafiki yangu, Houston, kwenye apatimenti yenye zulia la kijivu. Sijaona tena kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe.

Na hakikusaidia. Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa nadhani mtu akiambiwa vizuri, akililiwa vizuri, anainuka. Mzee hakuinuka. Hakufungua sanduku wala hakulibeba, lilikaa pale mlangoni. Chumba cha kufulia hakuja tena. Mashine ya kukausha ya kona ilianza kukohoa, ikakohoa wiki nzima, ikanyamaza, na meneja akabandika karatasi kwamba haifanyi kazi. Nilikwenda kumgongea na tochi yangu. Alinifungulia, akanipa biskuti, akarudi kukaa.

Binti yake akaja na gari kumchukua. Tulisimama wote kwenye maegesho. Bibi alimfungia dagaa kwenye gazeti, akamwambia mambo marefu ya Kiswahili, naye akaitikia kwa kichwa. Alipoketi nikaufunga mlango wa gari. "Stängd!" nikasema kwa nguvu, kama siku zote, nikisubiri anijibu. Alitazama mbele.

Sikuwa injinia wa meli. Nilimaliza shule ya sekondari, basi, kazi zikaanza, nikahamia Fort Worth kwa sababu ya bohari. Lewisville si mbali ukiwa na gari, na nilipopata off nilikwenda kumwona. Alikaa mbele ya televisheni isiyo na sauti. Mara ya mwisho nilimtajia Simba. "Meli gani?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

Sasa baada ya ule ujumbe nilijua nina kazi moja. Bibi hajui. Yuko bado Houston na mama, mtaa mwingine, miguu haimtii. Nikaomba ruhusa, nika-drive mpaka huko, nikipita Sharpstown makusudi. Zile apatimenti zimezungushiwa uzio, na mahali pa chumba cha kufulia pamebaki sakafu ya saruji yenye matundu ya mabomba. Nilisimama kidogo. Haikuwa inatetemeka.

Nikaanza kukusanya watu. Mama pasta alihamia Iowa, kanisa letu sasa ni duka la matairi. Yule mama mnene aliyesimama nyuma ya kiti alishafariki, na hata hilo nililisikia kwenye kundi la simu, kati ya tangazo la viatu na picha ya keki. Mwingine alinijibu, "Pole sana mwanangu, niko kazini, nitakupigia." Mama yangu alikuwa na shift. Kaka yangu aliandika, "Tell her I'm sorry." Wote wana roho nzuri. Hakuna aliyekataa. Hawapo tu.

Nikapika mwenyewe. Bukari, sombe, samaki. Bibi alikula kidogo, akisema chumvi ni nyingi. Nikangoja amalize. Nikavuta kiti mbele yake, magoti yetu yakakaribiana.

"Bibi," nikasema. "Muzee ya Meli ni mgonjwa."

Aliweka chini tonge lililobaki. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, muda mrefu, kama vile wengine walikuwa huko nje wanavua viatu.

"Na bale wengine wako wapi?"

"Niko peke yangu, Bibi."

Hakuniuliza kama amezidiwa. Alinawa mikono, akashika meza, akainuka polepole, akazunguka akaja kusimama nyuma ya kiti changu, mahali pa yule anayemshika mtu asianguke. Mikono yake ikatua mabegani mwangu, miepesi kama nguo zilizotoka kukaushwa. Isingeweza kumshika mtu yeyote. Nikakaa wima, nisije nikamwegemea.